Friendster: Mtandao Uliowahi Kuja, Ukachelewa Kufunguka

Wahandisi wa Friendster walikuta jambo la ajabu kwenye takwimu za seva zao. Saa nane usiku kwa saa za California, Wamarekani wengi wakiwa wamelala fofofo, idadi ya watu waliokuwa wakifungua tovuti yao ilipanda badala ya kushuka. Walipofuatilia, waligundua kwamba wageni hao wa usiku wa manane walikuwa Ufilipino, ambako muda huo ni jioni. Kampuni haikuwa imetangaza chochote Manila. Mwanamke mmoja wa San Francisco, miongoni mwa watu mia wa mwanzo kujiunga, alikuwa amewaalika marafiki zake, nao wakaalika wa kwao, mpaka mnyororo ukavuka Bahari ya Pasifiki bila mtu yeyote ofisini kujua.

Kisa hicho, kilichosimuliwa na gazeti la New York Times mwaka 2006, kimebeba utamu na uchungu wa mitandao ya kijamii ya mwanzo kwa pamoja. Utamu ni kwamba watu waliijaza wenyewe, kwa hiari yao, wakivutana mkono. Uchungu ni kwamba wenye mali hawakujua vizuri walichokishika, na pale walipokijua, mara nyingi walikipiga vita.

Wasomaji wengi wa leo hawajawahi kuifungua Friendster. Ilianza kutengenezwa 2002, ikafunguliwa kwa umma Machi 2003, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu wapatao milioni 3. Facebook ilikuwa bado haijazaliwa. Ilianza Februari 2004. WhatsApp ilikuja 2009, Instagram 2010. Hata hivyo karibu kila kitu ambacho kijana wa leo hukiona cha kawaida simuni kilikuwa tayari kimo humo: ukurasa wenye picha na jina la mtu, orodha ya marafiki inayoonekana na wengine, njia ya kuwapata marafiki wa marafiki, na nafasi ya kuandika neno kwenye ukurasa wa mwenzako.

Kabla yake kulikuwa na SixDegrees, iliyoanzishwa na Andrew Weinreich mjini New York mwaka 1997. Jina lake lilitokana na dhana kwamba binadamu wowote wawili duniani wanaunganishwa na watu sita tu wanaofahamiana. Dhana hiyo ilivuma kutokana na majaribio ya miaka ya 1960 ya mwanasaikolojia Stanley Milgram, aliyewataka watu wa katikati ya Marekani wamfikishie ujumbe mtu wasiyemjua huko Massachusetts, kila mmoja akiupitisha kwa mtu anayemfahamu yeye mwenyewe. Weinreich aliigeuza dhana hiyo kuwa tovuti, akapata watu kama milioni 3.5, akaiuza kwa dola milioni 125 wakati homa ya kampuni za intaneti ilipopamba moto. Muda si mrefu ikafungwa. Kasoro yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutibu: mtu akishajiunga hakuwa na la kufanya. Marafiki zake wengi hawakuwa na intaneti nyumbani, na ni nadra mtu kuwa na picha ya kuweka, kwa sababu kamera za kidijitali zilikuwa bado kitu cha wachache. Mtandao wa marafiki usio na sura za marafiki!

Jonathan Abrams, mwanzilishi wa Friendster na mtaalamu wa programu kutoka Kanada aliyewahi kufanya kazi kampuni ya Netscape, alikuja wakati mzuri zaidi. Naye hakuwa na nia ya kuunganisha dunia. Alitaka kuboresha tovuti za kutafuta wachumba. Kwenye tovuti za wakati ule mtu alijificha nyuma ya jina la bandia, akajisifu urefu na tabia njema, na hapakuwa na wa kumsuta. Abrams akasema watu waje na marafiki zao. Mswahili hahitaji kuelezwa mantiki hiyo, kwa maana posa huendeshwa vivyo hivyo: kabla ya jibu, kwanza huulizwa kijana huyu ni wa nani, na nani anamjua.

Jambo lililopendwa kuliko yote lilikuwa ushuhuda. Rafiki aliandika maneno machache kukuhusu, nawe ukayakubali kabla hayajaonekana. Kwa nia ya Abrams, ushuhuda ulikuwa wa kumsaidia mtu kupata mchumba. Watumiaji wakaugeuza kuwa uwanja wa utani, mafumbo, salamu za siku ya kuzaliwa na mazungumzo marefu ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na uchumba. Ufilipino, Malaysia na Indonesia, kuhesabu ushuhuda ulioandikiwa na nani kaandika nini kukawa sehemu ya maisha ya shule. Watu waliopotezana tangu utotoni walipatana. Wafilipino walioenda kufanya kazi nchi za mbali walipata mahali pa kuona sura za nyumbani bila kununua kadi ya simu. Thamani ya mitandao hii ya mwanzo ilikuwa hapo, na ni thamani ya kweli: mtu wa kawaida, asiyejua kutengeneza tovuti, alikuwa na anwani yake ndani ya intaneti, na jamaa zake walijua pa kumkuta.

Kisha kurasa zikaanza kugoma.

Sababu inafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo iliyoua kampuni. Friendster haikumruhusu mtu kuona kila mwanachama. Aliona tu waliomo ndani ya mtandao wake, yaani marafiki, marafiki wa marafiki, na kuendelea hadi hatua ya nne. Chukua mtu mwenye marafiki 50, na kila rafiki ana wengine 50. Hatua ya pili ni watu 2,500. Ya tatu ni 125,000. Ya nne ni 6,250,000. Katika maisha halisi marafiki hujirudia, kwa hiyo idadi hupungua, lakini kumtambua aliyejirudia nako ni kazi ya kompyuta. Na kila mara mtu mmoja alipoongeza rafiki, ramani ya maelfu ya wengine ilibadilika. Seva zilifanya hesabu hizo usiku na mchana kwa mamilioni ya watu, zikaelemewa. Ukurasa mmoja uliweza kuchukua hadi sekunde 40 kufunguka, kama ulifunguka.

Mtu mwingine angeifuta hatua ya nne, basi. Lakini Abrams aliiona kuwa roho ya wazo lake, na ukweli usemwe, kimawazo ilikuwa nzuri: ilileta imani kwamba huyu unayemwona ana mtu anayemjua. Ila mtumiaji aliyekodolea macho ukurasa mweupe hakuwa akiona imani yoyote. MySpace, iliyoanza Agosti 2003 huko Los Angeles, haikujisumbua na hesabu hiyo. Yeyote aliweza kumtazama yeyote, na ukurasa ukafunguka.

Fedha hazikukosekana. Mwaka 2003 Google ilitaka kuinunua Friendster kwa dola milioni 30. Abrams alikataa, akachukua dola milioni 13 za wawekezaji wakubwa wa Silicon Valley, Kleiner Perkins na Benchmark. Bodi ikajaa majina mazito. Kwa mujibu wa simulizi ile ya New York Times, wakubwa hao walijadili mipango mikubwa ya siku za usoni huku tovuti ikishindwa kufunguka, na malipo ya Google kama yangechukuliwa kwa hisa yangekuwa na thamani ya karibu dola bilioni moja kufikia 2006. Kuanzia 2004 wakurugenzi wakuu walipokezana kiti kwa kasi. Abrams mwenyewe aliondolewa kwenye uongozi.

Ubovu wa seva, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ugomvi, na pengine ndio unaofundisha zaidi.

Abrams alitaka watu halisi, majina halisi, picha halisi. Watumiaji walitaka kucheza. Zikazuka kurasa za ngisi mkubwa wa baharini, za vyuo vikuu, za miji, za katuni, za Mungu. Watu wakazipa jina la utani Fakester. Si kwamba zilikuwa upuuzi mtupu. Kwa kuwa mtu aliona wale tu waliomo ndani ya hatua nne, kufanya urafiki na ukurasa wa chuo au wa mji kulimfungulia maelfu ya watu ambao asingewaona. Waliosoma pamoja wakakutana kwenye ukurasa wa chuo chao. Watumiaji walikuwa wamebuni wenyewe kile ambacho mitandao ya baadaye ingekiita makundi na kurasa rasmi, na ambacho biashara ya matangazo ya Facebook ingekitegemea.

Friendster ikazifuta. Katikati ya 2003 kurasa hizo zilianza kupotea kwa wingi, na wenyewe wakaja juu, wakatengeneza nyingine, zikafutwa tena. Mtafiti danah boyd, ambaye huandika jina lake kwa herufi ndogo, alikuwa akiufuatilia mtandao huo tangu mwanzo, naye ameacha maelezo mazuri ya vuta nikuvute hiyo. Bendi za muziki zisizo na mkataba na kampuni kubwa nazo zilifukuzwa kwa kuvunja kanuni za wasifu. MySpace ikazipokea kwa mikono miwili. Mashabiki wakazifuata bendi, marafiki wakawafuata mashabiki. Ni vigumu kukumbuka kampuni nyingine iliyowabeba wateja wake bora na kuwapeleka mlangoni kwa mshindani kwa bidii kiasi hicho.

Kulikuwa pia na kero ambayo mpaka leo haijapata dawa. Boyd anasimulia habari za mwalimu kijana wa San Francisco aliyejiunga ili awe karibu na marafiki zake wa starehe. Siku moja wanafunzi wake wakaukuta ukurasa wake, wakasoma utani ambao marafiki hao wameandika, wakatazama na kurasa za marafiki wenyewe, kisha wakamwomba urafiki. Akikataa, anawaumiza na kuwaongezea shaka. Akikubali, maisha yake ya Jumamosi usiku yanaingia darasani Jumatatu. Angesafisha ukurasa wake, lakini wa marafiki zake angeusafishaje? Kabla ya hapo mtu alikuwa na sura moja kazini, nyingine nyumbani kwa wazazi, nyingine kijiweni, na kuta zilizitenganisha. Mtandao ulizibomoa kuta hizo kwa mara moja, na kila anayemficha shangazi yake picha za sherehe leo anaendeleza jitihada za mwalimu yule.

MySpace, kwa upande wake, ilikuwa na vituko vyake. Kila aliyejiunga alipewa rafiki wa kwanza moja kwa moja, Tom Anderson, mmoja wa waanzilishi. Watu waliweza kupamba kurasa kwa msimbo wao wenyewe, na uhuru huo ulitokana na watengenezaji kuacha mlango wazi bila kukusudia. Matokeo yake yalikuwa kurasa zinazometameta, zinazopiga muziki kwa ghafla na kuigandisha kompyuta. Kulikuwa na orodha ya marafiki wanane bora, ambayo ilivunja urafiki mwingi wa sekondari. Oktoba 2005 kijana mmoja, Samy Kamkar, aliutumia mlango huohuo kutunga programu iliyomfanya kila aliyeutazama ukurasa wake awe rafiki yake na kuieneza kwa wengine. Ndani ya saa 20 alikuwa na marafiki zaidi ya milioni moja, na MySpace ikalazimika kuzimwa kwa muda. Miezi michache kabla ya hapo, News Corp ilikuwa imekubali kuinunua kampuni mama ya mtandao huo kwa dola milioni 580. Juni 2011 MySpace iliuzwa kwa takriban dola milioni 35.

Afrika Mashariki iliingia kwenye mitandao hii kwa mlango mwingine. Vijana wengi wa Tanzania na Kenya walianza na hi5, mtandao wa San Francisco uliopata wafuasi zaidi nje ya Marekani kuliko nyumbani. Wakati huo intaneti ya ukanda huu ilitegemea setilaiti: ombi la kufungua ukurasa lilipanda karibu kilomita 36,000 angani, likashuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Katika saiba za Nairobi na kafe za intaneti za Dar es Salaam watu walilipia muda, kwa dakika au kwa saa, na muda huo ulikatwa hata ukurasa ukiwa bado unazunguka. Kupakia picha moja kulikuwa uamuzi wa kifedha. Mambo yalianza kubadilika 2009, waya wa intaneti wa chini ya bahari wa TEAMS ulipofika Mombasa kutoka Fujairah na ule wa SEACOM ulipowashwa Julai ukiziunganisha Mombasa na Dar es Salaam na mtandao wa dunia. Mwaka huohuo Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili, na waliotafsiri walikuwa watumiaji wa kujitolea, si waajiriwa wa kampuni.

Kero moja ya enzi ile haikuchagua bara. Mitandao kadhaa ilimwomba mgeni aweke anwani ya barua pepe pamoja na neno lake la siri, eti imsaidie kuwatafuta marafiki. Asiyekuwa makini alibonyeza kitufe, na mwaliko ukaenda kwa kila mtu aliyewahi kumwandikia, wakiwemo bosi, mchumba wa zamani na ofisi aliyoomba kazi. Mtandao wa Tagged, ambao baadaye ulikuja kuinunua hi5, ulikubali mwaka 2009 kulipa dola 750,000 kwa majimbo ya New York na Texas kutokana na mialiko ya namna hiyo.

Facebook ilijifunza kutokana na mkosi wa Friendster. Ilifungua chuo kimoja baada ya kingine, seva zikiwa tayari, na mwanzoni mwanafunzi aliona hasa watu wa chuo chake tu, hivyo hesabu haikulipuka. Ilipofungua milango kwa kila mtu Septemba 2006, mshindani aliyekuwa wa kwanza alikuwa amebaki na Asia ya Kusini Mashariki peke yake. Mwisho wa 2009 kampuni ya MOL ya Malaysia iliinunua Friendster kwa takriban dola milioni 26.4. Mwaka uliofuata Facebook ikalipa, kwa habari zilizotoka, dola milioni 40 kwa ajili ya hataza 18 zilizokuwa mali ya Friendster. Yaani karatasi za haki ya uvumbuzi zilikuwa na bei kubwa kuliko kampuni yenyewe pamoja na watu wake wote.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich nchini Uswisi waliichunguza maiti ya mtandao huo. Walikuwa na data ya akaunti zaidi ya milioni 100, wakaona kwamba wingi wa watu haukuwa kinga. Kila mtumiaji ana mizani yake: faida anayopata kwa marafiki waliopo, na usumbufu anaouvumilia. Usumbufu ukizidi, anaanza kuondoka mwenye marafiki wachache. Kuondoka kwake kunapunguza faida ya aliokuwa nao, mmoja wao anaondoka, na hivyo hivyo mpaka katikati ya mtandao. Mtandao ambao wengi wa wanachama wake wana marafiki wachache tu hubomoka upesi, hata ukiwa na mamilioni. Utafiti huo unampa haki mtumiaji wa kawaida: alikuwa yeye ndiye bidhaa na ndiye nguzo, na wakubwa walioona usumbufu wake ni jambo dogo walikosea hesabu kubwa kuliko ile ya hatua nne.

Data hiyo yenyewe ilinusurika kwa bahati. Mwaka 2011 wanachama waliarifiwa kwamba Friendster inageuka kuwa tovuti ya michezo, na kwamba baada ya Mei 31 picha, jumbe na ushuhuda wao vitafutwa. Archive Team, kikundi cha watu wa kujitolea, kilikimbizana na tarehe hiyo kuhifadhi kilichowezekana. Huduma ilisimamishwa 2015, kampuni ikafungwa 2018. MySpace nayo ilikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo zilizopakiwa humo kati ya 2003 na 2015, zinazokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50, zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Miongoni mwazo zilikuwamo kazi za kwanza za wanamuziki ambao hawakuwa na nakala nyingine.

Mwenye picha za harusi, za watoto au za wazee waliotangulia ambazo zimo kwenye akaunti moja tu ya mtandao, basi aingie kwenye mipangilio ya akaunti hiyo wiki hii, atafute sehemu ya kupakua taarifa zake, na aziweke kwenye kompyuta au diski anayoishika mwenyewe. Facebook imeitoa huduma hiyo tangu 2010, na haina malipo.